Vikufuli vya Gita la Bati

Winfrida Kobelo,
Parokia ya Matombo,
Morogoro.
Alhamisi, 13 Juni 2024

Mpendwa kaka yangu Eustace,

Shikamoo kaka. Na shikamoo ya pili hii hapa, ya kuomba radhi mapema. Sababu yake utaikuta huko mbele, usiruke mistari.

Habari za Uholanzi? Wifi hajambo, na wale vijana wako wawili? Goti lako je, lile lililokuwa linakuuma ukishuka chini ya treni kukaza mabolti? Ulisema wamekupa kazi ya juu sasa, ya kukaa. Nilifurahi. Lakini vaa soksi mbili hata kama ni kiangazi, baridi ya huko haina adabu.

Sisi huku tupo salama kwa ujumla wake. Mama anakula vizuri, macho tu ndiyo yamezidi kufifia, sasa ananitambua kwa hatua. Baba Yuliana yupo na migomba yake. Mvua za masika zimekatika, barabara imebaki mawe matupu. Cherehani yangu haijalala tangu Pasaka, na nikuambie tu kwamba sare za kwaya nzima nimeshona mimi, watu arobaini na wawili, na hakuna hata mshono mmoja uliofumuka. Paroko mwenyewe alisema sare hizi zinaonekana za dukani.

Utashangaa nakuandikia barua wakati simu ipo. Simu ya kukupata huko ni ile ya Yuliana. Wewe ukituma maneno, yeye ndiye ananisomea, mimi nasema, yeye anaandika. Na jambo la leo siwezi kulipitisha mkononi mwake. Sista Agnes wa misheni anasafiri kwenda Roma Jumatano ijayo, ameahidi kuitia barua hii posta hukohuko.

Kaka, naogopa. Tangu asubuhi nimekata suruali ya mtu mara mbili vibaya, mimi Winfrida, na wewe unanijua.

Kwanza nikwambie habari za mpwa wako, maana bila hizo hutaelewa ninaogopa nini. Yuliana si mtoto wa kawaida. Sisemi kwa sababu nimemzaa, nasema kwa sababu ndivyo ilivyo. Lile gita la bati ulilomtumia, siku ya kwanza watu walicheka. Mzee mmoja aliuliza kama linapikiwa. Wengine wakasema mjomba wake katuma sufuria lenye shingo. Sasa wanakuja watu kutoka vigango vya juu kabisa milimani, wanatembea kwa miguu, ili tu wamsikie akilipiga kwenye misa ya pili. Linalia kama kitu kilicho hai, kaka, ile sahani ya ndani inaimba mpaka madirisha yanajibu.

Na ameitwa mjini. Jumapili hii, tarehe kumi na sita, kuna mkusanyiko wa kwaya pale Morogoro, na walimu wawili wa chuo cha muziki watakuwepo kuchagua vijana. Cheti chake cha kidato cha nne hakikumpendelea, unajua. Mlango huu ndio mlango wake, sijaona mwingine. Kwaya imeteremka jana, Jumatano, na yeye na gita lake, wamefikia kwenye ukumbi wa parokia ya huko.

Sasa unakumbuka Pasaka. Alikuwa anapiga amesimama, anacheza, mkanda ukachomoka kwenye kishikizo cha shingoni, gita likaenda chini. Lilimwangukia mguuni Shukuru, mwalimu wa kwaya, na ndiyo maana halikupasuka. Likabaki na kibonyeo ubavuni, na Shukuru akabaki na kidole cheusi mwezi mzima. Ulipopigiwa simu hukumkaripia mtoto. Ulisema ubavu si kitu, cha kuogopwa ni ile sahani ya ndani, nyembamba kama karatasi ya sigara, ikipinda gita limekufa, na huku kwetu hakuna wa kuitengeneza. Maneno hayo nayasikia mpaka leo.

Ndipo ukatuma vile vikufuli vya kuuzuia mkanda usichomoke. Bahasha ndogo, vidude viwili vya chuma vinavyong'aa, skrubu mbili, na karatasi yenye picha. Ulisema Yuliana atafute fundi wa kumfungia. Nikasema fundi gani tena? Nani Matombo yote anafungua cherehani mpaka kijino cha mwisho na kuirudisha bila kubakiza skrubu mezani? Nikaweka gita juu ya meza yangu ya kukatia, nikatandika blanketi la mama, nikachukua bisibisi.

Nilifuata picha zote. Nikatoa vishikizo vya zamani, kimoja shingoni kwenye mti, kimoja kitakoni. Nikaweka kile kijiduara cha kitambaa kizito, nikaweka kikufuli, nikaanza kukaza. Ile ya kitakoni iliingia kwa ubishi, ikakaa. Ile ya shingoni ikawa inagoma, inatoa mlio wa kulalamika. Nikafanya ninavyofanya kila skrubu inapogoma tangu nilipofundishwa kushona. Nilichukua kopo la mafuta ya cherehani nikaidondoshea. Matone matatu. Nikaidondoshea na mwenzake tone moja, isione wivu. Kaka, iliingia kama kisu kwenye siagi.

Nikaita kwaya waje waone. Nikalining'iniza gita kwa mkanda wake kwenye boriti, nikalitikisa mbele yao. Halikutetereka. Yule Editha wa sauti ya pili, anayenishona kwa maneno kuliko mimi ninavyoshona kwa sindano, akasema, "Mama Yuliana, wiki ijayo tutakuletea na kinanda cha kanisa."

Nikamjibu, "Kilete, na wewe nikukaze hiyo sauti."

Watu wakacheka. Nilikuwa juu sana siku ile. Nilitangaza kisimani, nilitangaza gulioni, nilimwambia paroko. Kila mtu alijua vikufuli vya Ulaya vimefungwa na mama yake Yuliana kwa mikono yake.

Leo asubuhi Mikidadi fundi baiskeli amekuja kufupishiwa suruali. Unamkumbuka, zamani alikuwa seremala pale misheni. Akaona vishikizo vya zamani mezani, na kopo la mafuta pembeni yake. Akakishika kimoja, akakinusa.

"Hivi ni vya gita la mtoto?"

"Vya zamani. Nimeweka vipya."

"Na haya mafuta?"

"Skrubu ilikuwa inagoma, nikailainisha."

Hakucheka, kaka. Angecheka ningejua ni utani wake. Alikaa kwenye benchi, akaniambia polepole kama anayetoa habari ya msiba, "Mama Yuliana, cherehani unaipa mafuta kwa sababu inazunguka. Skrubu ya kwenye mti kazi yake ni kung'ang'ania. Wewe umeipaka mafuta, umeiambia iondoke."

Nikamkatalia. "Wewe ni fundi baiskeli, gita umelijulia wapi?"

"Gita silijui. Skrubu naijua. Siku mbili tatu itashika. Mtoto akilichezesha huku na huku itarudi nyuma, kidogo kidogo, mpaka siku moja itakuja yote."

Siku mbili tatu zimeshapita. Na yeye huko mjini anafanya mazoezi asubuhi na jioni, anacheza nalo.

Nikatoka mpaka kule juu kwenye jiwe ambapo mtandao unashika, nikampigia kwa kiswaswadu changu, kile kisimu cha vitufe.

"Yuli."

"Abee mama."

"Umekula?"

"Nimekula mama. Wali maharage."

"Gita lipo?"

"Lipo hapa. Mama, vikufuli vyako watu wa kwaya nyingine wanavisifia! Nimewaambia fundi ni mama yangu."

Hapo ndipo ningemwambia, kaka. Neno lilikuwa mdomoni, nimelishika. Nikasema, "Basi usilipige sana."

"Mama, si nimekuja kulipiga?"

Akacheka, na mimi nikacheka, nikakata simu. Nimeshuka pale kwenye jiwe najilaumu. Kumpigia mtoto kumwuliza wali na maharage, wakati najua nilichofanya! Baba Yuliana nimemwambia, akasema mpigie tena umweleze. Kusema kwake ni rahisi, yeye hakutangaza gulioni.

Nasimamisha hapa. Mwandiko unauona mwenyewe ulivyoharibika.

*

Jumatatu, 17 Juni

Kaka, naendelea. Nimerudi kutoka mjini jana jioni.

Ijumaa sikushona kitu. Jumamosi alfajiri nilipanda pikapu ya ndizi, nikaketi mbele na dereva. Kwenye mkoba nilikuwa na bisibisi, kiberiti, ule uzi mnene wa kushonea viatu, kipande cha nta na sindano yangu kubwa. Nilikuwa nimejipangia uongo wangu vizuri: nimeleta ndizi. Halafu nimvute pembeni, nikaze skrubu kimyakimya, nirudi na heshima yangu.

Nilipofika mlangoni kwa ukumbi walikuwa wanafanya mazoezi, wote ndani ya sare zangu, wamependeza. Editha ndiye aliyeniona kwanza. Akapaza sauti, "Fundi mkuu kaja! Mpisheni!" Kwaya nzima ikapiga makofi. Na mimi, Mungu anisamehe, nikatabasamu.

Yuliana alikuwa juu ya jukwaa, anapiga, anazunguka kama afanyavyo. Nikaangalia pale shingoni. Kati ya kikufuli na mti paliingia mwanga. Kile kijiduara cha kitambaa kilikuwa kimelegea, kinacheza kama pete kwenye kidole cha mgonjwa. Akaanza kugeuka upande wa pili.

Nikapiga kelele, "Yuli, lishike!"

Akalikumbatia gita kifuani kama mtoto mchanga. Ngoma zikanyamaza. Shukuru akaniuliza kuna nini, mama, nyoka? Watu arobaini na wawili wananiangalia, na wa kwaya nyingine pia, waliokaa ukutani kusubiri zamu yao.

Ule uongo wa ndizi ulikuwa bado upo, ningeweza kuusema. Lakini mtoto alikuwa amesimama amelikumbatia gita, ananiangalia, hajui aogope nini. Nikasema, "Nimekosea mimi. Skrubu niliipaka mafuta. Inatoka."

Yuliana aliligeuza gita, akaishika skrubu kwa vidole viwili tu. Ikatoka kaka. Ikatoka yote, kama jino la mtoto wa miaka sita, ikang'aa kwa mafuta kwenye kiganja chake. Ukumbi wote uliiona.

Nilisubiri Editha aseme. Badala yake alivua kanga yake begani, akaitandaza juu ya jukwaa ili gita lilazwe, akaniambia, "Njoo ufanye kazi, mama."

Tulijaribu kulijaza tundu kwa njiti za kiberiti ili skrubu ibane, moja, mbili, tatu. Haikushika, mti umekunywa mafuta, kila kitu kinateleza. Shukuru akataka kutoboa tundu jipya kando, kuna mtu alikuwa na drili. Nikasema hapana, shingo ya gita la kaka yangu haitoboki mbele yangu. Ya kitakoni tuliijaribu, nikaivuta kwa nguvu zote, imekaza. Lile tone moja halikuifanya kitu, au halijaifanya bado, sijui.

Yuliana ndiye aliyekumbuka picha ulizomtumia mwaka jana, za wale wazee wa zamani wenye magita ya bati. Akasema, "Mama, wale mkanda hawakuufunga hapa. Waliufunga juu, kichwani kwa gita, kwa kamba." Akanionesha pa kupitisha, chini ya nyuzi, pasipogusana nazo. Basi nikausugua ule uzi wa viatu kwa nta mpaka ukawa unanata, nikaupitisha kwenye tundu la mkanda, nikashona kitanzi, nikazungusha kichwani kwa gita, nikarudi tena. Mikunjo minane. Fundo nikalifunga la kwetu la kufungia mzigo wa ndizi, halafu nikalishonea juu yake lisifunguke. Yuliana akalivaa, akasema shingo inamlemea mkono wa kushoto kidogo, lakini atazoea.

Sasa Jumapili yenyewe. Hapa nilitaka nikusimulie kwa kituo, na sina cha kukusimulia. Kaka, wimbo sikuusikia. Niliketi mstari wa pili na Anastasia, yule binti wa mama mdogo anayekaa Kihonda, na kuanzia alipopanda mpaka aliposhuka macho yangu yalikuwa kwenye uzi. Akiinama nauona unavutika. Akigeuka nausubiri urudi. Niliona fundo, niliona mikunjo, nilihesabu minane nikahesabu tena minane. Anastasia anasema watu walisimama. Anasema kuna mahali Yuliana alinyamazisha wenzake wote akapiga peke yake na mama mmoja mbele yetu akalia. Mimi sikuona mama yeyote. Mimi ninayemsimulia kila mtu habari za mtoto huyu, siku ya siku yake sikuwepo.

Gita halikuanguka.

Baadaye wale walimu wawili walimwita. Mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, aliugusa ule uzi akauliza ni mtindo gani huu. Yuliana akamjibu kwa sauti, mimi nimesimama pale pale, "Amenifungia mama yangu." Wote wakaniangalia. Nilikuwa na maneno mengi sana ya kusema, unanijua, lakini nilijikuta nasema, "Skrubu ilitoka, ni kosa langu," kama mtoto wa shule. Yule mama akacheka vizuri tu, akanishika mkono.

Hawajamchukua, na hawajamkataa. Wamesema arudi Jumamosi hii, tarehe ishirini na mbili, huko huko mjini. Atasimama peke yake bila kwaya, atapiga nusu saa nzima mbele ya walimu wote wa chuo, ndipo wataamua. Amebaki kwa Anastasia. Mimi nimerudi kwa ajili ya mama, hana wa kumwogesha.

Kwa hiyo gita lako sasa liko mjini, kaka, linaning'inia kwenye uzi wangu, na kila siku analifanyia mazoezi. Nimemwambia kila asubuhi aukague na kuupaka nta. Nimemwambia akae anapofanya mazoezi. Anasema, "Sawa mama," kwa ile sauti ambayo wewe na mimi tulikuwa tunamwambia mama "sawa". Kila nikipanda kule kwenye jiwe naogopa kiswaswadu kisilie. Leo asubuhi kililia, kumbe ni kile kikundi cha akina mama kinachotaka vitambaa vya meza, nusura niwatukane.

Wewe ndiye mjomba wake. Kwetu Waluguru mtoto huyu ni wako kabla hajawa wa baba yake, na gita ni lako, na kosa ni langu. Ndiyo maana sikutaka uzisikie habari hizi kwa mdomo mwingine. Wewe unayekaza treni za watu sijui utanionaje.

Ndani ya bahasha nimekuwekea skrubu yenyewe, nimeifunga kwenye kipande cha kitambaa cha sare ya kwaya. Hilo doa kwenye karatasi ni mafuta yake, nimefuta mara tatu na bado yanatoka. Ipime unene wake, ututafutie iliyonenepa kidogo kuliko hii, na utuandikie kwa Kiswahili kinachoeleweka jinsi ya kuukausha mti uliokunywa mafuta. Safari hii atafunga Mikidadi. Mimi nitamshikia taa tu na mdomo wangu nitaufunga, nakuahidi, ingawa baba Yuliana aliposikia ahadi hiyo alicheka mpaka akakohoa.

Mama anakusalimia, anasema akisikia sauti yako atajua kama umenenepa. Baba Yuliana anakusalimia. Anastasia pia, na Shukuru mwenye kidole, na Editha, ndiyo, hata yeye, mpelekee salamu zako tafadhali ukiandika. Msalimie wifi sana, na vijana uwabusu hata kama wamekua hawataki. Mungu akulinde ukiwa chini ya hayo matreni na ukiwa juu yake, akuzeeshe vizuri, akurudishe uje ulione jiwe letu la mtandao.

Najua utakapoisoma barua hii Jumamosi itakuwa imeshapita. Utakuwa unayajua ambayo mimi leo siyajui, pengine Yuliana atakuwa ameshakupigia mwenyewe. Lakini nijibu hata hivyo, kama vile bado haijafika. Uzi ni mnene, wa viatu, una nta. Mikunjo ni minane. Niandikie kwamba unatosha.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kama zamani na kukuogopa kidogo wiki hii,

Winfrida, mama yake Yuliana